Mpagazi Aliyeniaga Mchana

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, macho yangu yakiwa wazi. Sikuhadithiwa na mtu. Usiseme mzee alikuwa amekunywa, kwa sababu pombe sijawahi kuionja. Usiseme alisinzia, kwa sababu usingizi wa mchana ni wa watu wenye mshahara. Na wala usitafute usiku humu. Watu wakitaka kusimulia mambo kama haya huanza na giza na bundi. Langu mimi lilikuwa jua la utosi, jua la Tabora la kiangazi, lile linalopasua midomo.

Kulikuwa na mtu anataka kwenda kwao. Hilo tu, hakuwa na jingine. Na mimi nikamkwamisha. Nitakueleza nilivyomkwamisha, lakini kwanza unijue mimi ni nani.

Mimi ni fundi milango, niko Kanyenye. Shule niliiacha nikiwa bado nasoma kwa kufuata kidole. Nilianza kwa kupiga randa kwenye karakana ya Mwarabu mmoja pale mjini, nikafagia vumbi lake la mbao mpaka nikalijua, nikahamia kwenye chuma, na leo mageti ya mtaani kwetu uliza nani kayachomelea. Nyumba nimejenga. Watoto nimesomesha. Hakuna aliyenishika mkono. Mke wangu alishatangulia, watoto wametawanyika, na binti yangu Mwajuma yuko Dar es Salaam, hunipigia simu kuniuliza nimekula nini. Mlango wa nyumba yangu ni mzuri kuliko yote mtaani, mninga mtupu, na hakuna mtu anayebisha hodi. Sikwambii hayo unihurumie. Nakwambia uelewe ulimi wangu ulikuwa katika hali gani.

Sasa, kuna kanisa la zamani la misheni, upande wa Kwihara. Jina lake nitaliacha. Kuta zake ni nene, mtu anaweza kulala ndani ya dirisha, na njia ya misafara ya zamani, ile iliyotoka pwani kwenda Ujiji, ilikuwa ikipita jirani. Watu wa zimamoto walikuja kukagua, wakamwambia padre wazi: kanisa zima lina mlango mmoja, moto ukiwaka mtakanyagana humu. Upande wa kaskazini kulikuwa na chumba kidogo chenye mlango wa pili, lakini ulikuwa umepigiliwa misumari tangu enzi ambazo hakuna aliyezikumbuka. Nikaitwa mimi. Toa huo mlango, weka mlango mpya wa chuma, ule wa kisasa wa kuzuia moto.

Anayeshika funguo za kanisa ni Mama Veronika, mjane, mwembamba, mdomo kama wembe. Siku ya kwanza kabisa alinipokea hivi:

"Fundi, nasikia unatuletea mlango wa moto."

"Ndiyo, mama."

"Sisi humu tunapiga magoti kila siku tusiende motoni, wewe Mwislamu unatuletea na mlango wake kabisa?"

"Ni wa kuzuia moto, mama."

"Basi sema hivyo. Usitishe watu."

Tukaelewana. Mimi na mwenzangu Masudi, tuliyezeeka naye kwenye kazi, tuling'oa mlango wa zamani siku ya Ijumaa. Misumari yake ilikuwa ya kufuliwa kwa nyundo, minene kama vidole, na imepigwa kwa ndani. Nilimwambia Masudi, anayetaka kuzuia wezi hupiga misumari popote, lakini anayepiga kwa ndani alitaka kubaki humo na nani? Masudi akaniambia nifanye kazi. Tukasimamisha fremu mpya, tukaijaza saruji, tukaziba uwazi kwa mabanzi tukarudi mjini.

Jumamosi Masudi akaamka na homa. Angekuwa fundi mwingine angeahirisha. Mimi si mwingine. Nilikuwa nimempa padre neno kwamba Jumapili watu watasali mlango mpya ukiwa mahali pake, na neno langu ndilo lililonilisha miaka yote hii. Nikaenda peke yangu. Mama Veronika alinifungulia mlango mkubwa, nikaingiza vifaa vyangu, kisha akasema anakwenda msibani, atafunga kwa nje kwa sababu ya vibaka, nami nikimaliza nitatokea kwenye huo mlango wangu mpya. Akafunga. Nikasikia ufunguo, nikasikia ndala zake zikienda.

Mabanzi niliyaacha kwanza, mwanga wa madirisha yenye nondo ulinitosha. Halafu nikaurudia ule mlango mpya wa chuma, ulioegemezwa kule kwenye mlango mkubwa lori lilipoushusha. Hapo ndipo nilipoona upumbavu wangu. Mlango wa namna ile ni bati nene pande mbili, katikati umejazwa kitu kisichoungua, uzito wake ni wa ng'ombe aliyekufa. Niliuinua upande mmoja, mgongo ukalia. Nikakaa kwenye benchi nikatukana, pale pale kanisani, Mungu anisamehe. Kimya kilikuwa kikubwa. Umewahi kukaa mahali ukasikia sikio lako mwenyewe likivuma? Basi hivyo.

"Mwangaluka," mtu akasema nyuma yangu.

Hiyo ni salamu ya Kinyamwezi, ya asubuhi, ya kuamka. Na jua lilikuwa utosini. Nikageuka. Kijana, umri kama wa mwanangu wa mwisho, kifua wazi, amejifunga kitambaa kilichopauka kiunoni, miguu mitupu. Nilidhani ni kibarua wa misheni. Nilichukia, nitakwambia ukweli, kwa sababu hakuniamkia shikamoo. Siku hizi watoto hawana adabu.

"Wewe huoni mvi?" nikamwuliza.

Akazitazama mvi zangu, kweli kweli, kama mtu aliyetumwa kuzitazama. "Naziona," akasema.

"Haya, kama una nguvu kama ulivyo na jeuri, nisaidie mlango huu."

Alichuchumaa. Akaweka bega chini ya ule mlango, bega la kulia, akasimama nao. Peke yake. Niamini, nilikaa na mdomo wazi. Ndipo nilipoliona hilo bega. Lilikuwa limeinama kuliko la kushoto, na juu yake kulikuwa na sugu, gumu, linang'aa, kama kisigino cha mtu aliyetembea peku maisha yake yote. Nimefanya kazi na wabeba magunia, wabeba mbao, wabeba saruji. Sugu kama lile sijaliona.

Akaubeba mpaka chumba cha kaskazini. Mimi nikatangulia, nikang'oa mabanzi, nikachambua bawaba, nikatafuta cha kuchimbia tundu moja lililogoma, nikaenda pembeni kujisaidia, nikarudi. Bado amesimama. Mlango uko begani. Hahemi.

"Ee, kwa nini hukuuweka chini?"

"Hukusema."

"Mpaka niseme?"

"Anayesema tua ni wa mbele," akanijibu, kama anamweleza mtoto.

"Haya, tua!"

Nikaona uso wake unavyolegea neno lile lilipomfikia. Akatua polepole, hata sakafu haikulia. Kazi iliyobaki tuliifanya kama watu waliozoeana. Nikisema inua, anainua. Nikisema shika, anashika, na hasogei hata unywele mpaka niseme acha. Kila neno alilichukua kama lilivyo, halimwagiki. Nikafurahi, nisikufiche. Nilikuwa na muda mrefu sijaamuru kitu kikatii.

Tulipomaliza kufunga bawaba tukakaa kivulini, migongo ukutani. Nilimpa maji, akashika kopo akalitazama, hakunywa. Nikamwuliza kwao wapi.

"Goweko."

"Goweko hapo tu! Watu wa tumbaku. Sasa huku unafanya nini?"

"Niliumwa. Wenzangu wakasema nikae, watanipitia."

"Na hawajakupitia?"

"Bado." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini: "Njia ya kwetu, hongo bado wanatoza?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Hongo? Mwanangu, hongo itakwisha lini? Njia gani isiyo na hongo nchi hii?"

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mimi sina nguo wala ushanga wa kutoa."

Na bado sikushtuka! Nilidhani ni utani wa kishamba. Kichwa changu kilikuwa kwenye bapa la kusukumia. Mlango wa namna hii, kwa ndani una bapa refu la chuma limeukata katikati, ukilisukuma hata kwa tumbo unafunguka kwenda nje. Juu una mkono unaoufunga wenyewe. Nje hauna kitasa wala kishikio, bati tupu. Ukitoka umetoka. Nikamwonyesha vile unavyofanya kazi, kwa majivuno, kama vile niliugundua mimi. Akausukuma kidogo, ukafunguka, jua likaingia. Akauachia, ukajirudia polepole ukafunga. Alikaa akiutazama.

"Ni wa kutokea tu," akasema.

"Wa kutokea tu. Huo ndio uzuri wake."

Akasimama. Akajifunga kitambaa chake vizuri. Akaja mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Kazi imekwisha. Naomba ruhusa, nikaone kwetu."

Sasa wewe msomaji, nikuulize. Mtu amekusaidia kazi, hakudai kitu, anakuaga kwa heshima. Wewe unamjibuje? Si unasema kile ambacho mama yako alikufundisha kusema, kile unachomwambia kila mtu, mteja, jirani, hata mtu usiyempenda?

"Haya, asante sana. Karibu tena."

Kijana akainua kichwa.

"Tena?"

"Tena, kabisa!"

"Wapi?"

Na hapo ningenyamaza. Lakini tangu mke wangu afe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nakaa wapi kama vile anataka kuja. Nikampa yote. "Kanyenye. Uliza kwa fundi milango, hakuna asiyenijua. Njoo mchana, mchana nipo. Usipotee, karibu sana."

Umewahi kumwona mtu aliyetua mzigo, akajinyoosha, akavuta pumzi, halafu akabebeshwa mwingine? Uso wake ulikuwa huo. Bega lile la kulia likashuka mbele ya macho yangu.

"Haya," akasema.

Akasukuma bapa akatoka. Mlango ukaanza kujirudia. Nikakumbuka sijamwuliza jina, nikasukuma kabla haujafunga. Mbele yangu ulikuwa uwanja mtupu, majani makavu yaliyochomwa moto, meupe kwa jivu, mpaka barabarani, hakuna mti wala kichuguu. Hakuna mtu. Nilizunguka kanisa zima kwa mbio nisizozijua tangu ujana. Mlango mkubwa bado umefungwa kwa nje, kufuli ya Mama Veronika inaning'inia. Ndipo nikajiuliza swali ambalo mwenye akili angejiuliza tangu mwanzo: yule aliingilia wapi?

Mama Veronika aliporudi nilimweleza. Hakucheka. Alikaa kwenye ngazi akavua ndala.

"Bibi yangu alikuwa akisema, zamani misafara ilikuwa ikiwaacha wagonjwa hapa, chumba kile. Mpagazi akishindwa kubeba anaambiwa, kaa, tutakupitia. Wengine walipona. Wengine, makaburi yao yako chini ya hayo majani uliyoyakanyaga."

"Na misumari?"

"Sijui misumari. Najua walioachwa walikuwa hawaondoki bila ruhusa ya kiongozi wa msafara. Ndivyo walivyofunzwa." Akanitazama. "Alikuuliza hongo?"

"Aliniuliza."

"Hongo ya zamani, Fundi. Ya kumlipa mtemi upite kwenye nchi yake. Na wewe ukamjibu nini?"

Nikakumbuka nilivyomkasirikia kwa kutoniamkia. Kumbe wa kuamkia nilikuwa mimi! Yule ni mkubwa kwa babu yangu.

"Na alipokuaga?" akauliza Mama Veronika. Nikamwambia nilichosema. Akajigonga paji la uso. "Yesu wangu. Mtu kasubiri ruhusa miaka yote hiyo, umempa, halafu umemwita arudi?"

"Ni adabu tu, mama."

"Kwako adabu. Yeye si alikwambia hatui mpaka aambiwe?"

Alikuja. Wiki haikuisha. Nilikuwa nakula ugali na mlenda, mtaa umelala kwa joto, nikasikia "Hodi" mlangoni, taratibu. Ulimi wangu ukajibu wenyewe. Akaingia, akasimama katikati ya chumba. Nikamwambia kaa, akakaa. Hakunidhuru. Na mimi, sijui nikupe sababu gani, nikaanza kuongea. Nikamweleza bei za mbao, nikamweleza ugonjwa wa mke wangu, nikamweleza vitu ambavyo Mwajuma hajui. Alisikiliza kama ardhi inavyosikiliza mvua. Mwisho akasimama, akaomba ruhusa. Safari hii nilisema "haya" peke yake, nikaona nimekuwa mjanja. Kesho yake mchana, hodi.

Neno la kwanza lilikuwa bado linamshika, na mimi sikulifuta. Nilisoma dua, sikwambii sikusoma, lakini dua ni za kumfukuza mtu aliyekuja kwa ubaya. Huyu alialikwa. Mama Veronika alipita kwangu akaniambia wazi, "Unamfuga mtu, Fundi. Mwambie aende asirudi." Nikamwambia kesho. Kesho ikawa na kesho yake. Nilianza kufagia sebule asubuhi. Nilianza kuvaa shati safi. Majirani wakaona nimenawiri, wakadhani nimepata mke.

Nilichokuwa sikitazami ni miguu yake. Siku za kwanza ilikuwa na vumbi la mjini. Baadaye ikawa na miiba. Baadaye ilipasuka. Kila akitoka kwangu alikuwa anaelekea kwao, anakwenda, anakwenda, halafu mchana unakaribia na lazima ageuke, kwa sababu mzee mmoja wa Kanyenye alisema tena.

Siku moja aliingia na kipande cha jani kimenasa kwenye kitambaa chake. Nikakichomoa, nikakinusa. Tumbaku mbichi.

"Umefika?" nikamwuliza.

"Nilifika shambani kwa watu. Nikauona moshi wa kwetu."

"Ukaingia?"

"Nikakumbuka unaningoja."

Hakusema kwa lawama. Laiti angelaumu! Nilimtazama yule mtoto wa watu, mkubwa kwa babu yangu, amesimama kwenye zulia langu na miguu inatoka maji, na nikajiona mimi mwenyewe nilivyo. Chakula kilikuwa mezani. Nilitaka kumwambia akae kidogo, siku moja tu ya mwisho. Maneno yalishafika kwenye meno. Nikayameza.

Nilisimama, nikamfungulia mlango wangu wa mninga mpaka mwisho.

"Nenda kwenu. Usirudi. Wala usigeuke."

Aliningojea kidogo, kama atasikia na jingine. Nikauma midomo mpaka nikasikia chumvi. Akasema "haya", akapita mbele yangu, na bega lake la kulia lilikuwa limelingana na la kushoto. Wallahi, nililiona. Hakuniaga. Nilitazama mtaa mzima kwa jua lile, kulikuwa na mbuzi tu.

Hajarudi. Kama alifika, sijui, na mtu wa kumwuliza Goweko sina. Kila mchana, hadi leo, mkono wangu unasimama na tonge hewani saa ile ile. Ule mlango wa chuma upo kanisani, unafanya kazi yake, watu wa zimamoto waliusifu.

Lakini mimi sisemi tena lile neno. Mteja akichukua geti lake nampa mkono, basi, na wengine wanasema mzee amepata kiburi uzeeni. Waseme. Mwajuma alikuja sikukuu, akapika, akafua mapazia, nyumba ikanuka watu. Siku ya kuondoka nikamsindikiza stendi. Akapanda basi, akashuka tena.

"Baba, mbona huniambii karibu tena?"

"Fika kwanza," nikamwambia. Alinitazama vibaya, akapanda bila kugeuka. Tangu hapo simu zake zimekuwa fupi.

Basi wewe uliyesoma mpaka hapa, usidhani adabu haina uzito. Akikuaga mtu usiyejua anatoka wapi, hata kama amekubebea mlango wa chuma, hata kama nyumba yako ina miaka haijabishwa hodi, mwambie safari njema. Ufunge mdomo, umwache afike.